Kupona kwa Mtoto wa Newala Kusiwe Bahati

Makamanda wenzangu, leo siandiki kuhusu tume ya uchaguzi, siandiki kuhusu Katiba mpya. Ukifika mwisho utaona kumbe nimeandika hayo hayo. Leo naandika kuhusu mtoto wa miaka sita.

Mwaka juzi, mwezi wa pili, mama mdogo alinipigia simu kutoka Newala. Nilikuwa najiandaa na mtihani, nina usingizi wa siku mbili. Akasema, "Mwanangu, mdogo wako ana homa tena." Ilikuwa homa ya tatu tangu Krismasi. Mimi, msomi wa familia, yule ambaye ukoo mzima unamuuliza kila kitu kuanzia fomu za NIDA mpaka kesi za mashamba, nikamjibu hivi: "Mama mdogo, si malaria tu hiyo? Mpeleke akapime, apewe mseto."

Akampeleka. Kipimo cha haraka kikaonyesha malaria. Akapewa mseto, homa ikashuka, ikarudi. Zahanati ilikuwa na kipimo kimoja na jibu moja, na mimi huku mjini nilikuwa na jibu hilo hilo. Hakuna aliyedanganya. Malaria kweli ilikuwepo. Tatizo ni kwamba haikuwa peke yake.

Dalili nyingine tulizisimulia baadaye, tukiwa tumekaa msibani, kila mmoja na kipande chake. Bibi alisema mtoto alikuwa analalamika miguu usiku, akaambiwa anakua huyo. Dada yake alisema aliacha kucheza mpira, anakaa pembeni anaangalia wenzake. Mwalimu alisema alitokwa damu puani darasani mara mbili. Mama yake alisema alikuwa na alama za bluu mapajani na mgongoni, akadhani watoto wamepigana. Kila mtu aliona kitu, ila hakuna aliyeviweka pamoja.

Mjomba alikuwa na maelezo yake: mtoto amechezewa. Kwetu Wamakonde mjomba akisema, amesema. Wiki mbili zikapita kwa mganga. Ndipo mama mdogo akaamua kushuka naye Masasi, na huko daktari mmoja kijana, Mungu ambariki popote alipo, akaagiza picha nzima ya damu, kile kipimo wanachokiita FBP. Damu ilikuwa imeshuka kupita kiasi, chembe nyeupe zimepanda ajabu, chembe sahani karibu hakuna. Akamwambia mama mdogo, "Mama, huyu mtoto aende Dar. Asisubiri."

Aende Dar na nini? Huo ulikuwa mwezi wa tatu. Kwetu pesa inaonekana mwezi wa kumi, minada ya korosho ikianza. Mwezi wa tatu mkorosho hauna hata ua. Familia ikauza korosho ambazo hazijazaliwa, kwa kangomba. Wa Kusini mnaijua. Kwa ambao si wa Kusini: mtu anakupa hela leo, msimu ukifika anachukua mzigo kwa bei aliyoipanga yeye. Ndiyo nauli ya kwenda kutibiwa saratani ya damu.

Saratani ya damu ni kitu gani

Tuelewane kwanza, maana ugonjwa usioujua unaupa jina la jirani yako.

Damu inatengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uloto. Lukemia, yaani saratani ya damu, ni pale chembe nyeupe ambazo hazijakomaa zinapoanza kuzaliana bila breki ndani ya uloto na kubana nafasi ya chembe nyingine. Chembe nyekundu zikipungua mtoto anapauka na kuchoka. Chembe sahani zikipungua anatoka damu puani, kwenye fizi, na ngozi inavilia bila kugongwa. Chembe nyeupe nzuri zikipungua anapata homa zisizoisha. Uloto ukijaa, mifupa inauma. Rudi juu usome tena yale tuliyosimuliana msibani. Kila moja ilikuwa ni lukemia inajitangaza.

Ndiyo saratani inayoongoza kwa watoto duniani, na aina yake kubwa huwapata zaidi wenye miaka miwili hadi mitano. Haiambukizi. Hairogwi. Yapo mambo machache yanayojulikana kuongeza hatari. Watoto wenye ugonjwa wa Down wanaipata zaidi kuliko wengine. Mionzi mikali inaongeza, na dunia ilijifunza hilo Hiroshima na Nagasaki baada ya mabomu ya 1945. Kuna kasoro chache za kurithi. Lakini kwa watoto walio wengi hakuna kosa la mama, hakuna kosa la baba, hakuna chakula fulani kilicholiwa.

Najua swali la watu wa kwetu, maana hata mimi nimeulizwa: dawa za mikorosho je? Nijibu bila kumfurahisha mtu. Salfa tunayopuliza kuzuia ubwiri unga haimo katika orodha ya visababishi vya saratani. Kwa viuatilifu vingine, vile vya kuua wadudu, tafiti za nje zimekuta uhusiano na lukemia ya watoto, hasa vinapotumika ndani ya nyumba au vinaposhikwa na mama akiwa mjamzito. Uhusiano hautoshi kukuambia kwamba mtoto fulani ameugua kwa sababu ya dawa fulani. Unatosha kukuambia usitunze chupa ya dawa chini ya kitanda, usichotee maji kwa galoni lake, na mtoto asishike mashine ya kupulizia. Hayo yako ndani ya uwezo wetu, hayahitaji bajeti ya Serikali.

Kuna saratani nyingine ambayo sisi watu wa Mtwara lazima tuijue, inaitwa limfoma ya Burkitt. Ni uvimbe, mara nyingi wa taya au wa tumbo, unaokua kwa kasi ya kutisha, unaongezeka ndani ya siku chache. Imepewa jina la Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, aliyeielezea mwaka 1958. Alifuatilia ramani ya wagonjwa wake akakuta wanatoka maeneo ya joto na mvua, yale yale ya malaria kali. Mwaka 1964 wanasayansi wa London walikuta virusi ndani ya sampuli za uvimbe kutoka Uganda. Leo inafahamika kwamba virusi hivyo pamoja na malaria inayojirudia-rudia vinashirikiana kuufungulia mlango ugonjwa huo. Sasa angalia: utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 uliiweka Mtwara miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa malaria kwa watoto, takriban asilimia 20, zaidi ya mara mbili ya wastani wa taifa. Chandarua anachonyimwa mtoto wa Tandahimba kilitakiwa kumkinga na vitu viwili.

Inatibika. Ndiyo, inatibika

Hapa ndipo ninapokasirika.

Mpaka miaka ya 1940 lukemia ya mtoto ilikuwa hukumu ya wiki au miezi. Mwaka 1948 Sidney Farber wa Boston alitangaza kwamba dawa imeweza kuurudisha nyuma ugonjwa kwa baadhi ya watoto, ingawa kwa muda. Miaka ya 1950 na 1960 ikapatikana vinkristini, moja ya dawa ambazo tiba ya lukemia mpaka leo haiziachi. Unajua ilitoka wapi? Kwenye ua. Ua lenye asili ya Madagaska, la rangi ya waridi au jeupe, lile lile tunalopanda uani na makaburini huku pwani. Tafadhali usiende kulichemsha, ni sumu. Dawa inatolewa kiwandani kwa kipimo. Nasema tu kwamba asili ya tiba iko mlangoni kwetu, sisi tunaimwagilia maji.

Na si Boston peke yake. Mwaka 1967 Kampala ilifunguliwa taasisi ya saratani iliyoanza na watoto wa Burkitt, na huko ikadhihirika kwamba mtoto wa Kiafrika, katika hospitali ya Kiafrika, anaweza kupona saratani kwa dawa. Afrika Mashariki tulikuwa miongoni mwa walioifundisha dunia somo hili. Tukaacha wengine wafaulu mtihani.

Maana leo, kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, karibu watoto na vijana 400,000 wenye umri wa hadi miaka 19 hupata saratani kila mwaka. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 wanapona. Kwa aina ya lukemia inayowapata watoto zaidi, huko wanakaribia asilimia 90. Katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hawafiki asilimia 30. Ugonjwa ni ule ule, dawa nyingi ni zile zile, na nyingi ni za zamani, hazina hata hataza tena. Tofauti ni mahali ulipozaliwa. Mwaka 2018 shirika hilo lilianzisha mpango wa kidunia wenye lengo la angalau asilimia 60 ya watoto kupona ifikapo 2030. Hesabu miaka iliyobaki.

Tiba ya lukemia ni ndefu, miaka miwili hadi mitatu. Mwezi wa kwanza ni wa dawa kali za kuisafisha damu. Wengi hupata nafuu kubwa, ugonjwa hauonekani hata kwenye darubini. Wazazi wengi hudhani yamekwisha. Hayajaisha. Ukiacha hapo unarudi, na ukirudi unakuwa mgumu. Miezi mingine yote ni ya kuusaka kule ulikojificha.

Mdogo wangu alipata nafuu hiyo. Nilikwenda kumwona wodini Muhimbili wikendi, nikakuta watoto wana darasa humo humo, wana michezo, na dawa hazitozwi. Kwa haki kabisa niseme: Muhimbili na shirika la Tumaini la Maisha wamefanya kazi ambayo kila Mtanzania anapaswa kuijua. Mdogo wangu alinyoka kipara, akanenepa shavu kwa sababu ya dawa, akaniomba mpira. Nikamnunulia.

Kisha wakaruhusiwa kurudi nyumbani kidogo, katikati ya mizunguko. Mama mdogo alifundishwa vizuri sana: dawa hizi zinashusha kinga, kwa hiyo akipata homa usisubiri asubuhi, kimbia hospitali. Homa ya mtoto aliye kwenye kemo inatakiwa kupata antibaiotiki ya mshipani ndani ya saa moja. Saa moja!

Homa ilimkamata usiku, nyumbani, juu ya uwanda. Mama mdogo hakusubiri, alifanya kila alichoambiwa. Bodaboda, giza, kituo cha karibu. Pale akapimwa malaria. Ilikuwa hasi. Akapewa panado, wakaambiwa warudi asubuhi. Alikuwa na barua kutoka Dar, ila imeandikwa kitaalamu na Kiingereza kitupu, na aliyekuwa zamu usiku ule alikuwa peke yake na foleni ya wajawazito. Simlaumu. Asubuhi wakapata gari la kushuka Masasi. Hakufika.

Damu yake ilikuwa safi makamanda. Lukemia ilikuwa imelala. Mdogo wangu hakufa kwa saratani. Alikufa kwa homa ya usiku mmoja, kwa kukosa sindano ambayo kituo cha afya kinatakiwa kuwa nayo kabatini.

Mtoto anapotelea wapi

Nimekaa na jambo hili muda mrefu, nikalipanga kama tunavyopanga hoja za kesi. Mtoto wa Masasi au Newala anapotea sehemu nne.

Ya kwanza ni kipimo. Mahali penye malaria nyingi, kipimo cha malaria kikiwa chanya kila mtu anaridhika. Lakini mtoto anaweza kuwa na vimelea vya malaria na lukemia kwa wakati mmoja. FBP si kipimo cha ajabu, ni mashine ya mezani. Kinachokosekana ni mashine kuwa karibu, vitendanishi kutokuisha, na kanuni rahisi ya kumwambia mhudumu: homa ikirudi mara ya pili ndani ya mwezi baada ya mseto, mtoto huyo apimwe damu nzima.

Ya pili ni njia. Barabara ya Mtwara, Tandahimba, Newala hadi Masasi ina kilomita 210, na watu wazima wa kwetu wamezeeka wakiahidiwa lami yake kila uchaguzi. Kutoka Masasi hadi Dar ni zaidi ya kilomita 500. Zidisha safari hiyo kwa miaka miwili ya tiba, mama na mtoto, na ndugu wengine wamebaki nyumbani na nani? Madaktari wana neno la watoto wasiorudi: wameacha tiba. Neno linakaa vibaya masikioni mwangu. Mama aliyeuza korosho ambazo hazijaota maua hajaacha tiba. Tiba ndiyo iliyomwacha.

Ya tatu ni nyumbani kati ya mzunguko na mzunguko. Nimeshaieleza. Ila ongeza na maji. Mtoto asiye na kinga anatakiwa aoge, anawe, anywe maji salama. Newala maji yako chini ya uwanda, sisi tuko juu. Bibi zetu walishuka makorongo kuyafuata na mradi wa Makonde una umri mkubwa kuliko wazazi wetu. Ukisimama Shimo la Mungu unauona Ruvuma unameta kule chini, na mkononi una ndoo uliyoinunua kwa pesa. Wizara ya Maji ikichelewa, wodi ya saratani inaumia.

Ya nne ni damu ya kuongezewa. Mtoto wa lukemia anahitaji damu mara nyingi, na chembe sahani hazikai zaidi ya siku tano hivi. Huwezi kuziweka akiba mwaka mzima. Zinahitaji watu wanaochangia kila wiki, na wengi wao wawe vijana. Hii ya nne si ya Serikali peke yake. Nitairudia.

Sasa nizungumze kama mwanafunzi wa sheria

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 8, inampa mtoto haki ya matibabu na inamtwisha mzazi wajibu wa kumpatia. Mzazi akikiuka anaweza kutozwa faini au kufungwa. Vizuri. Kifungu cha 94 cha sheria hiyo hiyo kinaipa halmashauri wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa mtoto ndani ya eneo lake. Hebu niambie, umewahi kusikia mkurugenzi wa halmashauri amesimama kizimbani kwa kifungu cha 94? Wajibu wa mzazi una meno, wa halmashauri una kibogoyo.

Panda juu kwenye Katiba. Ibara ya 11 inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa haki ya mtu kupata hifadhi ya jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Maneno matamu. Lakini soma ibara ya 7(2): sehemu hiyo yote haiwezi kupelekwa mahakamani. Kwa hiyo Katiba inakuahidi halafu inakukataza kudai.

Inabaki ibara ya 14, haki ya kuishi. Hiyo inadaiwa mahakamani. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam kwa dampo lililokuwa linawachoma mapafu, na Mahakama Kuu ikawasikiliza na kuitaja haki yao ya kuishi. Wananchi wa kawaida, moshi wa taka, ibara moja. Nilipoisoma kesi hiyo darasani nilimkumbuka mdogo wangu. Kwa nini hoja hiyo isisimame kwa mtoto anayekufa kwa kukosa antibaiotiki?

Jibu ni kwamba mlango ulibanwa. Mwaka 2020 Bunge lilibadilisha Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, ikawa anayefungua shauri lazima aonyeshe kwamba yeye binafsi ameathirika. Mashirika ya haki na wanasheria waliokuwa wanabeba kesi za wasio na sauti wakafungiwa nje. Maana yake ilikuwa kwamba mama mdogo wangu, mwenye deni la kangomba na kaburi bichi, ndiye alitakiwa aje mwenyewe Mahakama Kuu. Ndiyo maana nilisema mwanzoni kwamba kumbe naandika Katiba mpya. Wenzetu wakikwambia kwamba wananchi hawali katiba, mwambie katiba ni sindano ya saa nane usiku.

Pesa ipo wapi

Watasema hakuna pesa. Tuanze na korosho. Mtwara inaiingizia nchi fedha za kigeni kila msimu. Kabla ya 2018, asilimia 65 ya ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje ilikuwa inarudi kuendeleza zao. Juni 2018 Bunge likapitisha mabadiliko, zote zikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Hazina. Wabunge wa Kusini walipiga kelele, wakiwemo wa chama kinachotawala, hawakusikilizwa. Siwezi kusema ile pesa ingenunua mashine za FBP. Nasema uamuzi ulifanyika Dodoma kwa saa chache, na unaonyesha kwamba nchi hii pesa ikitakiwa kusogea inasogea.

Tuje kwenye bima. Toto Afya Kadi ilikuwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Mzazi wa kawaida aliweza kujibana. Mwaka 2023 mfuko ukasitisha kuandikisha mtoto mmoja mmoja, wazazi wakaambiwa waandikishe kupitia shule. Mtoto wa miaka mitatu, umri ule ule wa lukemia, anasoma shule gani? Baada ya kelele nyingi huduma ikarudishwa baadaye kwa sura nyingine. Mwaka huo huo wa 2023 ikapitishwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Naiunga mkono kwa dhati, sisi wapinzani tusione aibu kuunga mkono kitu kizuri. Lakini bima hailipi nauli ya Masasi, haileti maji Newala, na haimfundishi mhudumu wa zamu ya usiku nini maana ya homa kwa mtoto wa kemo.

Na nitaje mazuri mengine, nisije nikaitwa mlalamishi. Taasisi ya Saratani Ocean Road ilipewa sheria yake mwaka 1996, Rais akiwa Mkapa, mwana wa Lupaso, Masasi. Hospitali inayobeba jina lake kule Dodoma imeanza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Nilisoma habari hiyo kwa furaha ya kweli. Mtwara nayo imepata Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini. Sasa tuunganishe: nchi inayoweza kupandikiza uloto Dodoma haina sababu ya kushindwa kuchoma antibaiotiki Newala.

Tunadai nini, tunafanya nini

Tunadai mambo matano, na mgombea yeyote wa udiwani au ubunge wa kwetu asiyeweza kuyasema tusimbebe jukwaani.

1. FBP ifanyike katika kila hospitali ya halmashauri na vituo vya afya vikubwa, na ile kanuni ya homa inayorudi ifundishwe mpaka zahanati.
2. Sehemu ya tiba inayoendelea ifanyike Mtwara, kwa maelekezo ya Muhimbili, ili safari ya Dar iwe ya lazima tu.
3. Kila mtoto aliye kwenye kemo apewe kadi moja ya Kiswahili, maandishi makubwa: homa ni dharura, antibaiotiki ndani ya saa moja, piga namba hii.
4. Halmashauri zinazokusanya ushuru wa mazao zitenge fungu la nauli kwa wagonjwa wa rufaa walio watoto. Liandikwe kwenye bajeti, lisomwe kwenye mkutano wa kijiji.
5. Katiba mpya iifanye haki ya afya idaiwe mahakamani.

Na sisi tunafanya nini? Kwanza, tujue dalili na kuzisambaza, hata kama hutasambaza kitu kingine chochote cha chama wiki hii. Mtoto anayepauka na kuchoka. Homa inayorudi baada ya dawa. Kuvilia au kutoka damu bila sababu. Maumivu ya mifupa yanayomwamsha usiku. Tezi au uvimbe shingoni, tumboni, kwenye taya. Mng'ao mweupe ndani ya mboni ya jicho ukimpiga picha na simu. Maumivu ya kichwa na kutapika kila asubuhi. Moja tu kati ya hizi si hukumu, mara nyingi ni kitu kingine. Ila mpeleke, na utaje neno: "Naomba apimwe damu nzima."

Pili, tuchangie damu. Ukiwa na miaka 18 hadi 65, kilo 50 kwenda juu na afya njema, unafaa. Mwanaume kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya minne. Tunajaza mafuso kwenda kwenye mikutano, hatushindwi kujaza gari moja kwenda kuchangia. Na tusivae sare siku hiyo. Damu haina kadi.

Tatu, mkutano mkuu wa kijiji upo kisheria kila miezi mitatu. Nenda ukaulize kuhusu kituo chenu: antibaiotiki za sindano zipo? Nani yuko zamu usiku? Andika majibu na tarehe.

Nne, mjomba akisema mtoto amerogwa, usibishane naye mbele za watu. Mwambie, "Sawa mjomba, ila twende na hospitali." Mjomba wangu siku hizi ndiye anayewaambia wengine hivyo. Hakuna aliyemlazimisha.

Mama mdogo bado analipa deni la kangomba. Mpira uko kwa dada yake. Na mimi simu ikilia kutoka Newala usiku, kabla sijajibu chochote, kwanza nauliza: homa imerudi mara ya ngapi?

Mapambano yanaendelea.

*Mwandishi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sheria, mzaliwa wa Newala.*